Lowell: kondo ndani ya kiwanda cha kale au nyumba ya familia tatu? Nishaurini

MwanaKisauni:

Hamjambo wenzangu. Miaka minne nimekuwa nikisoma humu kimya kimya, leo zamu yangu kuuliza.

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Niko hapa Lowell, Massachusetts, mwaka wa tisa sasa. Nafanya shifti ya usiku kwenye makao ya wazee, mume wangu anaendesha basi la shule. Watoto wawili, mkubwa miaka 7, mdogo 3. Tumepanga Centralville, na mwenye nyumba ametuandikia kwamba kuanzia Septemba pango litakuwa dola 2,300. Akiba yetu ni dola 41,000. Mume wangu husema kila noti humo ndani inanuka Dettol.

Tumeona vitu viwili.

Cha kwanza ni kondo (si ile ya nyuma jamani, ni fleti ya kununua) ndani ya kiwanda cha nguo cha zamani, kando ya mfereji. Madirisha yanapita kimo changu karibu mara mbili, ukuta wa matofali mekundu uko wazi, nguzo za mbao nene hata mikono yangu haikukutana. Vyumba viwili, bei 365,000, na ada ya kila mwezi 520. Nilipoingia tu moyo ulisema ni hapa.

Cha pili ni nyumba ya mbao ya familia tatu huko Lower Highlands, ya mwaka 1900 hivi, ghorofa tatu zimebebana. Bei 760,000. Sisi tukae chini, juu tupangishe. Rangi imechakaa, besimenti ina harufu, lakini dalali anasema "itajilipa yenyewe".

Shemeji yangu anasema kondo ni kununua hewa. Mamangu kwa simu kaniuliza swali moja tu: huo mji ambao viwanda vyake vilikufa, nani atakuja kuinunua hiyo nyumba mkitaka kuiuza? Sikuwa na jibu. Nyinyi mnaoishi huku mnasemaje?

---

Nakuru_hadi_Nashua:

Vuka mpaka uje New Hampshire, dada. Nashua ni dakika ishirini hivi, hakuna ushuru wa mauzo na mshahara haukatwi na jimbo. Lowell maegesho tu ni vita. Theluji ikitangazwa na gari lako liko barabarani, asubuhi unalifuata kwa waliolivuta.

---

BabaNeema_Tanga:

Kijana wa Nashua, umemwambia nusu. Akiendelea kufanya kazi Massachusetts, Massachusetts itamkata vilevile, na ushuru wa jumba huko kwenu unauma. Tumwache achague mji wake.

Binti wa Kisauni, salama? Mimi ni fundi wa matengenezo, mwaka wa kumi na saba sasa, katika jengo lililokuwa kiwanda na leo ni kondo. Sitalitaja, mshahara bado nautaka. Na nyumba ninayoishi ni ya familia tatu, niliinunua 2011. Kwa hiyo kote kuwili nimeshalowa.

Nianze na nguzo ulizoshindwa kuzikumbatia. Ziliwekwa nene hivyo kwa hofu ya moto. Gogo nene huungua polepole kwa nje na moyo wake ukabaki mzima, jengo likasimama hadi watu watoke. Ni ujenzi wa heshima. Ila kati ya sakafu na sakafu mara nyingi hakuna cha kuzuia sauti zaidi ya mbao zenyewe, na wewe wa shifti ya usiku unalala mchana. Mtoto wa juu akiangusha gololi saa tano asubuhi, utaisikia inadunda, inadunda, halafu inabingirika hadi inapogota ukutani. Usiende kuiona kondo Jumanne asubuhi watu wakiwa kazini. Nenda Jumapili adhuhuri, mwombe dalali anyamaze, keti sakafuni dakika kumi.

Halafu toka nje, zunguka upande wa mfereji ambao dalali hakukupitisha. Sisi wa pwani jambo hili tunalijua bila kwenda shule: ukuta wa kale wa mawe na chokaa, ukiuvika saruji unavimba na kubanduka. Angalia majumba ya Mji wa Kale kwenu. Matofali ya viwanda hivi nayo yalipangwa kwa chokaa laini. Chokaa inapumua, unyevu unatokea kwenye viungo. Akija fundi wa mbio akaziba viungo kwa saruji ngumu, maji yanakosa njia, yanaingia tofalini, Januari yanaganda, na uso wa tofali unabanduka kama ganda la yai. Mimi kila Machi nafagia maganda hayo kwa ndoo. Kwa hiyo ukiona mistari ya kijivu, migumu, na chini ya ukuta kuna unga mwekundu, ujue bili iko njiani.

Na bili hiyo ni yako. Ukuta ni wa wote, paa ni la wote, lifti ni ya wote. Kama hazina ya jumuiya ya wenye kondo haitoshi, mnapigiwa harambee ya lazima, na hiyo haina kadi ya mwaliko wala mgeni rasmi. Kabla hujasaini chochote mwambie wakili wako akuletee kumbukumbu za mikutano ya wenye kondo za miaka mitatu iliyopita, na hesabu ya akiba ya matengenezo. Kaa usome mwenyewe. Ukiona neno "madirisha" limejirudia mikutano mitano bila uamuzi, kimbia au punguza bei. Madirisha yale marefu uliyoyapenda hayabadilishwi kwa unachokikuta dukani. Katikati ya mji yako chini ya Lowell Historic Board, bodi ya mji ya kulinda majengo ya kale, nao wanataka yafanane na ya zamani. Sawa kabisa, ndiyo maana mji unapendeza, lakini dirisha moja la namna hiyo si pesa ya mboga.

Sasa nyumba ya familia tatu. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa huyo dalali.

Kwa akiba yako nadhani anakupeleka kwenye mkopo wa FHA, ule unaodhaminiwa na serikali kuu, asilimia 3.5 ya malipo ya awali, yaani dola 26,600. Amekuambia kuhusu kipimo cha nyumba za familia tatu na nne? Wanachukua pango la soko la sehemu zote tatu, pamoja na utakayokaa wewe, wanakata robo, na kinachobaki lazima kifikie malipo yako yote ya mwezi: mkopo, bima ya nyumba, bima ya mkopo, ushuru wa jumba. Tufanye hesabu. Tuseme 2,300 mara tatu, 6,900. Robo tatu yake ni 5,175. Malipo ya mwezi kwa nyumba ya 760,000, riba ikiwa asilimia sita na nusu hivi, yanakaribia 6,000. Hujapita. Nyumba inayoshindwa kipimo hicho sijui itajilipa vipi yenyewe. Kipimo hiki hakipo kwa nyumba ya familia mbili. Hilo litie akilini.

La pili, mtoto wako wa miaka 3. Sheria ya Massachusetts: nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, akiishi mtoto wa chini ya miaka 6, rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto, lazima iondolewe au idhibitiwe, na jukumu ni la mwenye nyumba. Ndiyo wewe. Na huwezi kukwepa kwa kumkataa mpangaji mwenye watoto, hilo nalo ni kosa. Usifikirie ukuta tu. Adui mkubwa ni dirisha la kale la kupandisha: kila ukilifungua, mbao zinasuguana, unga unadondoka kwenye kizingiti, na kizingiti ndipo mtoto anapoweka kidevu kuangalia theluji. Omba cheti cha ukaguzi wa risasi. Kama hakipo, weka gharama hiyo kwenye bei. MassHousing, wakala wa nyumba wa jimbo, wana mkopo maalumu wa kuondoa risasi, uliza.

La tatu besimenti, na hili nalisema kwa uchungu. Baridi yangu ya kwanza boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, ilikufa mkesha wa Krismasi. Ilikuwa kubwa kama tembo aliyelala, imefungwa matambara meupe ambayo baadaye niliambiwa ni asbesto. Juu yangu wapangaji wawili, mmoja ana kichanga. Sheria inadai nyumba ya mpangaji ifike nyuzi 68 za Fahrenheit mchana na 64 usiku wakati wa baridi, wala haijali kwamba mwenye nyumba ni Mswahili wa Tanga ambaye boila ameiona juzi. Mke wangu alipika uji kwenye masufuria manne kusudi mvuke upashe jikoni. Fundi alikuja tarehe 27. Boila mpya pamoja na kutoa yale matambara vilikula 11,200, na akiba yangu yote baada ya kununua ilikuwa 9,000.

Kwa hiyo besimenti usiende kuiona siku ya jua. Nenda siku imenyesha tangu jana. Gusa ukuta. Tazama miguu ya boila kama ina kutu hadi kimo gani, hapo ndipo maji yalipofika. Tazama juu kama kuna nyaya zilizopitishwa kwenye vigololi vyeupe vya kaure. Hizo ni za enzi ya babu, na kampuni nyingi za bima hazizitaki.

Swali la mama yako ni zuri kuliko maswali yako yote, mpe salamu zangu. Mji huu umeshakufa mara mbili. Ulijengwa kwa ajili ya maporomoko ya Pawtucket, pale mto Merrimack unaposhuka futi 32. Wenye mitaji wa Boston walichimba mifereji, vitambaa vikaanza kutoka 1823, wasichana wa mashambani wakaamshwa kwa kengele. Miaka ya 1920 kazi zikahamia majimbo ya kusini kwenye ujira mdogo, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 kiwanda cha Boott nacho kimefungwa. Baadaye ikaja kampuni ya Wang na kompyuta zake, ikajenga minara mitatu karibu na barabara kuu, ikafilisika 1992. Minara ile ikauzwa kwa mnada 1994 kwa dola 525,000. Soma tena: minara mitatu. Leo hela hiyo ni ya nyumba ya familia mbili yenye paa linalovuja. Miaka minne baadaye minara hiyohiyo ikauzwa tena kwa zaidi ya dola milioni 100. Kwa hiyo bei inaweza kushuka, ndiyo, na anayeumia ni yule anayelazimika kuuza siku hiyo. Leo mji una chuo kikuu, una treni ya kwenda Boston, una hifadhi ya taifa ya kihistoria tangu 1978. Lakini usinunue kwa kukisia bei ya kesho. Nunua unachoweza kulipa hata mmoja wenu akiumia mgongo miezi mitatu.

Niongeze la pembeni, msimamizi asinifute. Bibi yangu Pangani alikuwa akishona foronya za merikani. Wakati wake kitambaa kilikuwa kimekwisha kuhamia India na Japani, lakini jina lilibaki. Nilikuwa hapa miaka mitano ndipo nikaelewa jina hilo limetoka wapi. Sayyid Said alitia saini mkataba na Wamarekani 1833, wafanyabiashara wa Salem wakawa wanapeleka Unguja vitambaa vya viwanda vya Massachusetts, wanarudi na pembe na sandarusi. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 ndivyo vilivyovuruga biashara ile. Na pamba yenyewe ilivunwa na watumwa huko kusini, ambao wao kitambaa duni walichovishwa walikiita "lowell". Sisi tukaita merikani, wao wakaita lowell. Nenda Boott, ambayo sasa ni makumbusho, wanapowasha mashine za kufuma, wanakupa vizibo vya masikio, na sakafu inatetemeka hadi kwenye meno. Mimi nilisimama pale nikamkumbuka bibi na foronya zake.

Haya, nimeandika sana. Mke wangu anasema chai imepoa.

---

Ghorofa_ya_Nne:

Mimi ndiye mtu wa kondo ya kiwandani, ghorofa ya nne, mwaka wa sita. Baba Neema kasema kweli yote ila moja: hakusema kwamba asubuhi ya Februari jua linaingia hadi jikoni na mto umeganda chini yako, na unakunywa kahawa bila kufagia theluji ya mtu yeyote. Nikiwa kazini masaa kumi na mbili, kurudi nyumbani bila kuwaza paa wala boila kuna thamani.

Lakini harambee ya lazima nimeipata. Mwaka wa tatu, lifti na madirisha pamoja, dola 11,400 kwa kila fleti, tulipewa miezi kumi na minane kulipa. Kumbukumbu za mikutano zilikuwa zimeitaja kabla sijanunua. Nilitumiwa kurasa 60, sikuzisoma, nilikuwa nachagua mapazia.

Na kiangazi kikikolea, sakafu yangu inanuka grisi. Ni mafuta ya mashine yaliyolowesha mbao miaka mingi. Wageni wananiuliza nimekaanga nini.

---

MwanaBukavu:

Bandugu, munisamehe Kiswahili changu, miye natokea Bukavu. Tulinunua nyumba ya familia mbili Centralville, miye na kaka yangu mkubwa, miaka mitatu iliyopita.

Mambo mawili tu. Moja, pesa ya dhamana ya mpangaji usiichanganye na pesa yako. Ni lazima ikae benki, akaunti yake peke yake, yenye riba, na mpangaji apewe karatasi. Sisi hatukujua, tuliiweka pamoja na yetu. Mpangaji alipohama alikuja na wakili, wakatuambia sheria inaweza kumpa mara tatu. Tulimrudishia yote haraka, pamoja na riba, na sikulala siku nne.

Mbili, bima ya mafuriko ni bima nyingine. Bima ya nyumba ya kawaida haihesabu maji ya mto. Merrimack iliingia kwa watu 2006, na 2007 tena. Uliza kama nyumba iko ndani ya ramani ya mafuriko mbele ya kupenda jiko lake.

---

BabaNeema_Tanga:

Asante ndugu wa Bukavu. Na mkipita karibu na mfereji wa Pawtucket mtazame lango la Francis. Huyo mhandisi James Francis alilijenga 1850, lango zito la mbao lililoning'inizwa juu ya mfereji, watu wakamcheka. Mwaka 1852 mto ukaja, likashushwa, mji ukapona. Likashushwa tena 1936. Mimi nikitaka kujua mtaa gani uko salama huwa nauliza kwanza uko upande gani wa lango.

---

MwanaKisauni:

Shikamoo Baba Neema, na ahsanteni nyote. Nimewasomea familia nzima mezani, mume wangu kaniomba nirudie ile ya masufuria manne.

Habari ni hii. Alhamisi mvua ilinyesha kutwa. Ijumaa asubuhi nikatoka shifti moja kwa moja hadi Lower Highlands, nikamwomba dalali anifungulie besimenti. Akasema nirudi Jumatatu. Nikamwambia niko mlangoni. Kutu kwenye miguu ya boila inafika karibu na goti langu, na nyuma ya rundo la makopo ya rangi kuna pampu ndogo ilikuwa ikifanya kazi, inasukuma maji nje kupitia dirishani. Dalali akasema ni "unyevu wa msimu". Cheti cha risasi hakuna. Nikashukuru nikaenda zangu kulala.

Kondo bado inaniita, lakini kumbukumbu za mikutano nimeziomba, na waliyonitumia ni ya mwaka mmoja tu. Wakili anafuatilia hiyo miwili.

Na benki moja imenieleza kuhusu mkopo wa jimbo unaoitwa ONE Mortgage, malipo ya awali kuanzia asilimia 3 na hauna ile bima ya mkopo, kwa wanaonunua nyumba ya kwanza wenye kipato kama chetu. Tumejiandikisha darasa la wanunuzi, ni lazima ulipitie. Nimeona nyumba ya familia mbili Pawtucketville, 589,000, risasi imeshaondolewa na cheti kipo. Jiko ni baya sana, rangi ya haradali. Baba Neema, najua ni kukusumbua, ila Jumamosi ungekuwa na saa moja?

---

BabaNeema_Tanga:

Marahaba binti. Jumamosi saa nne asubuhi, naja na tochi, ngazi na gololi ya mjukuu wangu, tuone sakafu imeinamia wapi. Jiko la haradali lipige picha umtumie mama. Na uvae viatu vya kuchafuka.